Galula na Zamu ya Kutunza

Ukitoka Mbeya kwenda Galula unaiacha lami pale Mbalizi na kushika barabara ya vumbi inayoteremka kuelekea bonde la Rukwa. Baridi inabaki juu pamoja na migomba na mashamba ya viazi. Kadiri gari linavyoshuka ndivyo nchi inavyobadilika: inaanza mikwaju, inafuata mibuyu, udongo unakuwa mwekundu, na kina mama ndani ya gari wanaanza kuwavua watoto masweta. Chini kabisa unakutana na Mto Songwe. Huu si ule Songwe wa mpakani na Malawi unaoingia Ziwa Nyasa. Wetu unakwenda upande mwingine, unamwaga maji yake Ziwa Rukwa, na masika yakikolea unapita kwa kishindo, mwekundu kama udongo unaoubeba.

Nilikulia hapo miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Enzi hizo Galula ilikuwa katika Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016, na sasa makao makuu ya wilaya yetu yako Mkwajuni. Kijijini waliishi Wabungu, Wanyiha, Wasafwa, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao wakifuata malisho. Tulilima mpunga, mahindi, ufuta na karanga. Habari za mbali zilitufikia kwa redio ya betri, na za karibu zilitufikia kisimani.

Naandika habari za Galula kwa sababu ya kauli moja ninayoisikia kila mara mikutanoni, maofisini na hata kwenye vyombo vya habari, kwamba sisi watu wa nchi hii hatujali mambo ya kale. Ushahidi hutolewa haraka: magofu yaliyong'olewa mawe, majengo ya Wajerumani yanayooza, miti ya mizimu iliyogeuzwa mkaa. Ushahidi huo ni wa kweli, nami nimeuona. Lakini nilikoanzia maisha niliona jambo lingine, na ningependa liingie kwenye mazungumzo hayo. Katika Galula ya utoto wangu vitu vya kale vilivyodumu vilikuwa vile ambavyo mtu fulani alijua kwamba leo ni zamu yake kuvitazama. Visivyo na mwenye zamu vilipotea, hata kama watu wote walivipenda.

Nianze na misheni. Galula ni misheni ya zamani ya Kikatoliki, iliyofunguliwa na Mapadri Weupe zama za Wajerumani, wakati eneo lote hili lilipokuwa likihudumiwa kutoka Karema, ng'ambo kabisa ya Rukwa, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Majina ya kikanisa yalibadilika juu yetu: mwaka 1932 likaundwa eneo la kikanisa la Tukuyu, mwaka 1953 Mbeya ikawa jimbo, na mwaka 2018 ikawa jimbo kuu. Kwetu sisi watoto hayo yote yalikuwa mambo ya mbali. Tulichokijua ni matofali ya kuchoma, kivuli cha miembe, na kengele iliyotuambia saa ya kuamka, saa ya kula na saa ya kuzika.

Babu mzaa mama alikuwa fundi mwashi. Hakuwa mwajiriwa wa mtu, lakini kila mwaka, kabla mvua za kwanza hazijanyesha, aliitwa kuyazungukia majengo ya misheni, nami nilimbebea timazi na mwiko. Alizunguka polepole akitazama sehemu mbili tu, juu na chini. Alisema adui wa ukuta ni mmoja, maji, nayo huingia kwa paa au kwa msingi, kwa hiyo fundi anayekodolea macho katikati ya ukuta anapoteza muda wake. Juu alitafuta bati lililolegea na mbao ya kenchi iliyobadilika rangi. Chini alitafuta njia za mchwa, zile kamba za udongo zinazopanda ukutani, na mtaro uliojaa majani. Akishamaliza kutazama alimwambia katekista, na Jumapili ile ile baada ya misa kazi zilitangazwa. Jumuiya hii isafishe mtaro, jumuiya ile ilete oili chafu ya kupaka mbao ili mchwa wasirudi. Wanawake walileta maji, vijana walipanda juu na misumari.

Hakuna aliyetamka maneno uhifadhi wa urithi. Lakini kazi ile ndiyo uhifadhi wenyewe, na siku hizi wataalamu wa majengo ya kale wanasisitiza yale yale aliyoyasema babu: majengo mengi huuawa na bomba la maji lililoziba au bati moja lililong'oka, ambalo lingerudishwa kwa msumari mmoja kama mtu angepita kutazama.

Nakumbuka majadiliano makali juu ya nyumba ya katekista. Vijana walitaka ipigwe lipu ya saruji na kupakwa rangi, ionekane ya kisasa. Hoja yao ilikuwa na heshima ndani yake. Waliona aibu kwamba mtu anayewafundisha dini analala kwenye nyumba ya matofali yaliyochakaa. Wazee wengine waliwaunga mkono. Babu hakuwabishia kwa maneno mengi. Aliwachukua hadi kwenye nyumba moja ya zamani iliyokuwa imekwisha kupigwa lipu ya namna hiyo, akagonga ukuta kwa mgongo wa kidole, ukuta ukajibu kwa sauti ya kitu kitupu. Akaingiza ncha ya mwiko, na bamba zima la saruji likaanguka chini pamoja na ngozi ya matofali. Akawaeleza kwamba tofali la zamani lililoungwa kwa udongo hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa jua. Ukilifunika kwa saruji ngumu, maji yanaingia kwenye ufa mdogo yasipate pa kutokea, na tofali linaoza ndani huku nje panang'aa. Mwisho wake walikubaliana kujaza viungo vilivyoliwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa vizuri, na nyumba ikaachwa na sura yake. Vijana waliokuwa wanataka lipu ndio waliofanya kazi hiyo, na tangu hapo wakawa mafundi wa nyumba ile. Yeyote aliyesema inafaa kubomolewa alijibiwa na wao.

Kitu cha pili kilikuwa mti. Upande wa juu wa korongo, mbali na nyumba, palikuwa na mkuyu mkubwa wa ukoo wa bibi. Hapakuwa na bango, hapakuwa na uzio, na mtoto aliyekuwa hajafundishwa angeweza kudhani ni mkuyu kama mikuyu mingine. Lakini tulifundishwa mapema. Kuni hazikuokotwa pale hata tawi likianguka lenyewe. Viatu vilivuliwa, sauti ilishushwa. Mwaka ambao mvua ilichelewa, wazee wa ukoo walikwenda na unga wa mtama na pombe, wakarudi jioni bila kusimulia. Bibi alikuwa Mkristo mwenye rozari mfukoni, naye alipopita karibu na mti ule alinyamaza mpaka tukaupita, kisha akaendelea na habari aliyokuwa akinisimulia pale pale alipoiachia.

Mifugo ilipoongezeka, kivuli cha mkuyu na unyevu wa korongo viliwavutia wachungaji. Wazee wa ukoo walikwenda kukaa na wazee wa Kisukuma. Sikuwapo kwenye kikao, lakini matokeo yake niliyaona: ng'ombe wakaanza kupitishwa chini zaidi, mahali ambapo njia ilisafishwa na pande zote mbili. Bibi alinieleza kwamba haikuwa vigumu kuelewana, kwa kuwa Wasukuma nao wana makaburi ya watemi wao na miti ya matambiko yao huko walikotoka. Mtu anayeheshimu cha kwao hahitaji maelezo marefu aheshimu cha mwenzake.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba mambo ya Galula yana ndugu zao sehemu nyingine za nchi. Kule Kondoa michoro ya miambani iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na pale Mongomi wa Kolo wenyeji wameendelea kufanya matambiko kwenye miamba ile ile yenye michoro. Kwa mgeni, mchoro ndio urithi. Kwa mzee wa Kolo, mahali penyewe ndipo penye nguvu, na mchoro upo pale kwa kuwa mahali pana nguvu. Ukiweka mlinzi wa kumzuia mzee asiingie na chungu chake, umelinda rangi na kumfukuza mtu ambaye ukoo wake umekuwa ukipatazama mahali hapo kabla ofisi yoyote haijafunguliwa. Busara ni kumpa mzee nafasi yake na rangi kinga yake kwa pamoja.

Kitu cha tatu kilikuja kwa magari. Mwaka 2002 nilikuwa darasa la sita. Wageni walifika bondeni wakiwa na mahema, wengine kutoka Marekani, wengine vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaanza kutembea kwenye makorongo macho yakiwa chini. Swali la kwanza la wazee lilikuwa la kawaida kwa watu wa eneo letu: mnatafuta dhahabu? Kila mtu wa bonde hili anajua habari za dhahabu ya Lupa. Anajua pia Saza, ambako mgodi mkubwa wa Waingereza ulifungwa mwaka 1956 na kuacha mashimo na majengo. Mgeni anayetembea akitazama chini, kwetu, alikuwa mtu wa dhahabu mpaka athibitishe vinginevyo.

Hawa walikuwa watu wa mifupa. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa vijana waliopata vibarua kwao, na kwa hiyo nyumbani kwetu tulipata masimulizi kila jioni. Alitueleza jinsi wanavyochimba: sururu kwa udongo wa juu, kisha patasi, kisha brashi ndogo kama ya rangi. Mfupa ukionekana hautolewi. Unamiminiwa gundi nyepesi, unaachwa ukauke, unachimbwa pembeni mpaka ubaki juu ya kiguzo cha udongo, kisha unavishwa vitambaa vilivyolowekwa kwenye plasta kama wanavyofanya hospitali kwa mtu aliyevunjika mguu. Plasta ikikauka ndipo unakatwa chini na kupinduliwa. Alitufundisha pia kutofautisha mfupa na jiwe. Ukiligusisha kwa ulimi, jiwe la kawaida linateleza, mfupa uliogeuka jiwe unanata, kwa sababu vitundu vyake bado vimo.

Wavulana tulianza kulamba mawe ya bonde zima. Mjomba aliona hatari mapema, akatukusanya. "Mjomba," aliniambia, kwa kuwa kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "ukiona, using'oe. Ukiung'oa unakuwa jiwe tu. Weka mawe matatu pembeni, njoo uniambie." Tukaelewa kwamba mfupa una thamani ukiwa mahali pake, kwa sababu tabaka la udongo lililoulalia ndilo linalosema umri wake. Kwa miaka ile tulikuwa walinzi wa makorongo bila kulipwa senti, na yeyote aliyevunja mwamba kwa mchezo alichongewa kwa mjomba kabla hajafika nyumbani.

Yaliyotoka kwenye ardhi ile nimeyajua vizuri ukubwani tu, nayo ni makubwa kuliko tulivyodhani. Mwaka 2010 wanajiolojia walilipa rasmi tabaka la mchanga mwekundu la bonde jina la kijiji chetu, na tangu hapo Tabaka la Galula linasomwa vyuo vikuu duniani. Mwaka huo huo ukatangazwa Pakasuchus kapilimai, mamba mdogo wa ukubwa wa paka, mwenye meno yanayofanana na ya mnyama anyonyeshaye. Jina lake la pili linamuenzi Saidi Kapilima, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2014 akafuata dinosaria mkubwa mla majani, Rukwatitan, mwaka 2017 Shingopana songwensis, na mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyechimbwa kwenye ukingo wa Mto Mtuka na kupewa jina kwa sababu mfupa wa mkia wake una umbo la moyo. Na katika tabaka jingine la bonde, changa zaidi, likapatikana taya la Rukwapithecus, lililotangazwa mwaka 2013, la miaka kama milioni 25. Ni miongoni mwa mabaki ya kale zaidi ya jamii ya nyani wakubwa wasio na mkia yaliyowahi kupatikana duniani.

Kilichonigusa kuliko vyote ni kipande cha taya la mnyama mdogo anyonyeshaye, aliyeishi zama za dinosaria. Kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na baada ya kupigwa picha za mionzi zinazoonyesha ndani, mwaka 2019 kikapewa jina: Galulatherium jenkinsi. Mnyama mwenye jina la Galula. Nilikwenda kumweleza mjomba, aliyekuwa ameanza kuzeeka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza likoje. Nikamwonyesha mchoro kwenye simu. Akashika simu kwa mikono miwili, akaitazama sana, akasema: "Basi walilete tulione. Hata la plasta."

Maneno yale ndiyo yaliyonifanya nifikirie upya jambo lote. Kwa sheria yetu mabaki ya viumbe wa kale ni mali ya umma, na watafiti wanafanya kazi kwa vibali vya Tume ya Sayansi na Teknolojia na Idara ya Mambo ya Kale. Hili ni tofauti kubwa na yaliyotokea Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ambako Wajerumani walichukua shehena za mifupa zilizobebwa na wenyeji kwa miguu hadi bandarini. Mpaka leo kiunzi cha zaidi ya mita 13 kwenda juu kinasimama katika makumbusho ya Berlin, huku jina la Boheti bin Amrani, aliyesimamia wachimbaji kule Tendaguru, likijulikana na wachache mno hapa nyumbani. Zama zetu zina vibali. Lakini kibali ni makubaliano ya ofisi na ofisi. Mtu wa korongoni, aliyeweka mawe matatu pembeni na kukimbia kuita, hajapewa hata picha ya kubandika darasani. Kwa hiyo zamu yake inakatika. Vijana wa leo wa Galula hawalambi mawe, na wala hawajui kwa nini wasivunje mwamba wakihitaji kokoto za msingi.

Shule yetu iliwahi kutupeleka Mbozi kuona kimondo pale Ndolezi. Tulisafiri juu ya lori tukiimba njia nzima. Kimondo ni bonge la chuma lenye urefu wa kama mita tatu na uzito unaokadiriwa tani 16, na vitabu vinasema liligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aliyeitwa Nott. Wazee wa Mbozi walilijua tangu zamani, nao hawakuwa na desturi ya kulitangaza kwa wapita njia. Mwaka 1967 serikali ililiweka chini ya ulinzi, na katika miaka ya karibuni Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ikakabidhiwa kulisimamia. Mwongozaji alituonyesha alama za watu waliojaribu kukata vipande. Nilijivunia nilichokiona. Pia niliona utunzaji wa aina nyingine kabisa: bango, tiketi, mlinzi mwenye sare. Aina hii ina faida zake, maana mlinzi halali na bango linasomeka. Udhaifu wake ni kwamba bajeti ikikauka mlinzi anaondoka, na jirani aliyezoea kukaa nje ya uzio hajioni kuwa na haki ya kuingia kusaidia.

Nilipofika Dar es Salaam kusoma nilitafuta sheria inasemaje. Msingi wake ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, nayo ilichukua nafasi ya ile ya wakoloni ya mwaka 1937. Inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1886 na kifaa kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya kuchonga imepewa muda mrefu zaidi, hadi mwaka 1940. Chochote cha baada ya hapo kinahitaji waziri akitangaze. Nilisoma nikahesabu. Misheni za bara karibu zote, maboma ya Wajerumani, reli ya kati, shule za kwanza, migodi ya Lupa na Saza, vyote ni vya baada ya mwaka 1886. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini na bonde la Rukwa, mwaka huo unaliacha nje karibu kila jengo tunaloliita la zamani. Sheria iliandikwa macho yakiwa Kilwa na Bagamoyo, kwenye magofu ya mawe ya pwani, na hilo linaeleweka kwa wakati wake. Lakini mwaka uliowekwa hausogei, na majengo yanazidi kuzeeka nje ya mstari.

Wenzetu wa Ufilipino walijaribu njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 2009 ilisema jengo likitimiza miaka 50 lihesabiwe kuwa mali muhimu ya utamaduni mpaka ithibitishwe vinginevyo, kwa hiyo mzigo wa kujieleza ukawa wa anayetaka kubomoa. Walifika huko baada ya kuumia, kwa kuwa mwaka 2000 jiji la Manila lilikuwa limebomoa jumba maarufu la Jai Alai la mwaka 1940 huku wananchi wakilalamika. Na mwaka 2013 tetemeko la ardhi lilipoangusha makanisa ya kale ya kisiwa cha Bohol, mawe ya makanisa kama Loon na Loboc yalikusanywa na kujengewa upya, na kazi ikakamilika mwaka 2021. Nilipowasoma niliona wanalaumiana vile vile kama sisi: kwamba watu wao hawajali, kwamba maendeleo yanakula historia. Lakini watu hao hao ndio waliorudi kusali katika makanisa yaliyoinuliwa kutoka kwenye kifusi.

Orodha na sheria pekee havishikilii ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani, ilikuwa jengo linalojulikana kuliko yote mjini. Sehemu yake ilianguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu nyingine kubwa ikaporomoka na kuua watu. Kila nikikumbuka jumba lile namkumbuka babu akitazama juu na chini. Jengo lolote, liwe la sultani au la katekista, linahitaji mtu wa karibu anayelizungukia kila mwaka kabla ya mvua na mwenye mahali pa kupeleka taarifa yake, taarifa hiyo ikafanyiwa kazi Jumapili inayofuata.

Ndiyo maana siikubali kauli kwamba watu wetu hawajali. Niliona wakijali. Waliitunza misheni kwa sababu ilikuwa yao na walikuwa na ratiba. Waliutunza mkuyu kwa sababu ukoo ulikuwa na kanuni na kanuni zilikuwa na wazee. Waliitunza mifupa kwa miaka michache kwa sababu kijana wao mmoja alikuwa amefundishwa kazi naye akawafundisha watoto. Hii ya tatu ndiyo iliyokatika, na ilikatika kwa kuwa haikurudi chochote kijijini cha kushika mkononi.

Haya yanaweza kurekebishwa bila fedha nyingi. Kila kata ikiwa na daftari moja la mambo yake ya kale, lenye jengo, mti, kaburi, korongo la mifupa na mgodi uliofungwa, na mbele ya kila kimoja pameandikwa nani anakitazama na lini, tutakuwa tumepiga hatua kuliko mabango mengi. Nakala za plasta za mifupa ya Rukwa zinaweza kukaa Mkwajuni na katika shule za bonde, na kwa teknolojia ya leo taya la Galulatherium linaweza kuchapwa kwa mashine likiwa limekuzwa, mtoto akalishika. Mafundi wazee wanaojua udongo na chokaa walipwe kufundisha wadogo kabla hawajatuacha. Mwaka 1886 uondolewe kwenye sheria, na badala yake uwekwe umri unaosogea pamoja na wakati.

Na kuna haraka. Bonde letu lina makaa ya mawe, upande wa Chunya na Songwe dhahabu inaendelea kuchimbwa, na sasa Rukwa inatafutwa gesi ya heli. Mashine zitashuka kwenye udongo ule ule mwekundu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi mkubwa, na tathmini hiyo inapaswa kumkuta mtu wa Galula anayejua kusema: hapa chimbeni, hapa subirini, tuite wataalamu. Mtu huyo haletwi na gari la kampuni. Anaandaliwa darasani, tangu sasa.

Mjomba yuko hai, na ombi lake bado halijajibiwa. Ningependa wanaohusika walisikie kama lilivyo, kwa sababu halikuwa ombi la fedha. Aliomba kuonyeshwa kitu alichosaidia kukilinda. Anayetaka wananchi walinde urithi wa nchi na aanzie hapo: awaonyeshe, awafundishe, awape zamu, kisha arudi mwaka unaofuata kuuliza imekwendaje.